Pikipiki ya Umeme Nayo Ina Haki ya Kutunzwa

Jumamosi moja asubuhi niliipeleka pikipiki yangu ya umeme kwenye gereji ya jua kali mtaani kwetu, Nairobi, nikiwa nimekwisha kuihukumu betri. Chaji iliyokuwa ikinipeleka kazini na kunirudisha sasa ilikuwa ikiniishia njiani. Fundi hakuigusa betri. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono. Lilizunguka nusu tu, likasimama.

"Kijana, wewe unaendesha huku umeshika breki," aliniambia.

Pedi zilikuwa zimeng'ang'ania diski kwa matope na kutu, na upepo wa matairi ulikuwa umepungua sana. Tulisafisha breki, tukajaza upepo, na betri ile ile niliyotaka kuitupa ikanirudishia safari zangu.

Pikipiki hizi zinasifiwa kwamba hazihitaji matunzo. Ni kweli hazina oili ya injini, kabureta, plagi wala klachi. Lakini matairi, breki, beringi na shokamzoba ni zile zile, na zenye cheni bado zinataka cheni isafishwe, ipakwe mafuta na ikazwe kwa kiasi. Injini ya petroli hulalamika kwa moshi na kelele. Mota ya umeme huenda kimya, kwa hiyo mwenyewe ndiye anayepaswa kuwa macho.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni soketi za umeme. Umeme wa ampea 40 ukipita kwenye soketi iliyolegea au kuota kutu, yenye ukinzani wa omu 0.05 tu, huzaa wati 80 za joto mahali padogo kama kidole. Plastiki huanza kubadilika rangi, kisha huyeyuka. Kwa wanabodaboda wanaobadilisha betri kwenye vituo, betri ni mali ya kampuni, lakini soketi iliyo kwenye pikipiki ni yao, nayo huchakaa kila betri inapochomolewa na kuchomekwa. Ichunguze kila wiki. Ukiona weusi au ukisikia harufu ya kuungua, usisubiri kesho.

Anayemiliki betri yake aiepushe na joto. Ukitoka safari ndefu juani, iache ipoe kabla ya kuichaji, na tumia chaja iliyotengenezewa betri hiyo. Kama pikipiki itakaa wiki kadhaa bila kutumika, iache na chaji ya karibu nusu. Betri ya lithiamu inayowekwa ikiwa imejaa pomoni, hasa penye joto, huzeeka haraka, na iliyoishiwa kabisa inaweza kuharibika. Ikivimba, ikipasuka au ikizama kwenye maji ya mafuriko, usiichaji tena kabla haijakaguliwa. Na unapoiosha pikipiki, tumia kitambaa chenye maji. Mashine ya shinikizo husukuma maji hadi kwenye waya na beringi.

Kuna mipaka pia. Kukaza nati na kusafisha breki ni kazi yako. Kufungua betri si kazi yako, wala si ya fundi asiyefunzwa: seli za lithiamu hazina swichi ya kuzizima, na spana ikigusa ncha mbili kwa pamoja huleta cheche na moto.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Jijini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria ni za umeme pekee, na hapa Nairobi vituo vya kubadilishia betri vinaendelea kuota. Lakini fundi wa mtaani, aliyetubeba miaka yote ya petroli, bado anaachwa nyuma. Kampuni zinazotuuzia pikipiki hizi zimpe michoro ya waya, maana ya namba za hitilafu na vipuri vya bei anayoimudu. Vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe kupima volti kwa usalama. La sivyo, kila soketi iliyolegea itamgharimu mwanabodaboda siku nzima ya kazi akisubiri foleni ya gereji moja ya kampuni.

Fundi wangu alitambua tatizo kwa kuzungusha gurudumu tu. Akipewa mafunzo na vifaa, atatambua na yale yasiyoonekana kwa macho.