Dafu Halimalizii Kazi ya Seli

Kila vuli inapokaribia, wenye vitalu vya miche kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta hadi Bunju, huniletea swali lilelile: "Mtaalamu, nipulize nini ili seli zigawanyike haraka?" Limenichosha, maana limeanzia pabaya. Anayeuliza hudhani seli ya mmea imekaa tu ikingoja kusukumwa.

Seli ya mnyama hujibana kiunoni mpaka ikatike mbili. Ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu, haina pa kujibana. Inafanya kazi ya fundi aliyefungiwa chumbani na kuambiwa akigawe kwa matofali yaliyomo humohumo, aanzie katikati aelekee pembeni. Matofali yenyewe ni vifuko vidogo vya utando vinavyotoka kwenye Golgi, kiungo cha seli kinachofungasha na kusafirisha vitu, vikiwa vimebeba malighafi ya ukuta mpya. Vikishafika katikati vinapaswa kuungana, na tando mbili haziungani kwa kukaribiana tu. Kuna protini ziitwazo SNARE zilizochomoza kwenye tando hizo. Husokotana, zikazivuta tando mpaka zikawa moja. Neva zako nazo hutumia protini za ukoo huohuo.

Katika kugawanyika kwa seli za mimea, mhusika mkuu kati ya SNARE hizo ni protini iitwayo KNOLLE. Jeni yake ilielezwa mwaka 1996 na Lukowitz, Mayer na Jürgens wa Ujerumani, kwa kutumia Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi. Mche usio nayo huwa na seli zenye viini viwili au zaidi na kuta zilizoishia njiani. Huvimba, kisha hufa ungali mchanga. Ukichungulia ndani, vifuko vimefika na kujipanga, lakini havijaungana. Kwa hiyo amri ya kugawanyika ilitolewa, viini vikagawanyika, kazi ikakwama kwenye kumalizia. Hapo utaongeza amri gani?

Sasa tuje kwenye maji ya dafu, maana ndiyo "dawa" ninayotajiwa kuliko zote. Uvumi huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana haufi. Mwaka 1941 van Overbeek na wenzake walitumia maji ya nazi kukuzia viinitete vya mmea wa Datura maabara, na baadaye ikajulikana kuwa yana saitokinini, homoni zinazochochea seli kugawanyika. Lakini tishu ile ilikuwa uchi ndani ya chupa, imelishwa sukari na madini, na kila kitu kimetakaswa vijidudu. Mche wako wa mwembe una jani lililopakwa nta na mizizi iliyozungukwa na bakteria wenye njaa. Ukiumwagia dafu, sukari inaliwa na bakteria, ukungu na sisimizi kabla mche haujaonja chochote, na homoni kidogo iliyomo huvunjwavunjwa udongoni. Hata kama ingepenya yote, homoni ni amri tu. KNOLLE hutengenezwa na seli yenyewe inapogawanyika, na kazi ikiisha huharibiwa. Haihifadhiwi, wala haingii kwa kupuliziwa. Basi muuza busta akikuambia chupa yake ina "protini za kugawanya seli", mwachie chupa yake. Dafu kunywa wewe.

Mnachoweza kufanya hakina maajabu. Mwagilieni bila kukatisha, kwa kuwa seli yenye kiu haigawanyiki vizuri. Wekeni mboji au samadi iliyooza kabisa, si mbichi. Tandazeni nyasi. Msilundike miche kwenye kivuli kizito. Karibu na Wazo, kwenye udongo wa chokaa, majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, fikirieni upungufu wa chuma kabla ya kununua urea. Udongo upimeni; kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kinashughulika na udongo. Ukuta mpya wa seli unahitaji kalsiamu na boroni, ila boroni ikizidi kidogo tu ni sumu, kwa hiyo msiikadirie kwa kijiko. Na kwa wenye minazi: mnazi una ncha moja tu ya kukulia, kule kileleni. Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, akiitafuna hakuna chipukizi la akiba, kwa hiyo kagueni vilele vya minazi michanga na mlizoe rundo la samadi na magogo yaliyooza anamozalia.