Meseji ya Kondele kwenda Milimani hupitia wapi?

Uko Kondele, beste yako yuko Milimani. Kwa bodaboda ni dakika chache tu, hata ukipata dereva mwoga. Sasa mtumie picha. Picha haijui bodaboda. Inaingia kwa mnara, inafuata faiba hadi Nairobi, na mara nyingi inavuka bahari, kwa sababu seva ya programu unayotumia iko ng'ambo. Ndipo irudi kwa jirani.

Kwenye mtandao, umbali ni nani ameunganishwa na nani. Wakenya walijifunza hilo kwa uchungu.

Hadi mwaka 2000, ukiwa Nairobi na intaneti ya kampuni moja, barua pepe kwa mteja wa kampuni nyingine mtaa wa pili ilipanda setilaiti, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mara nne ni kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Na njia hiyo ilikuwa ghali ajabu.

Dawa yake inachekesha kwa urahisi: chumba kimoja, swichi moja, kila kampuni ilete waya wake. Hiyo ndiyo KIXP, iliyofunguliwa Nairobi mwishoni mwa 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na tume ya mawasiliano, CCK, ikaifunga. Hebu fikiria, wasee wanafungiwa kwa kuongea na majirani! Ilirudi Februari 2002, safari hii ikiwa na leseni.

Leo unaweza kujipimia mwenyewe. Kwenye kompyuta, fungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, andika ping, kisha anwani ya tovuti. (Mimi chuo sikumaliza, na ping haijawahi kuniuliza cheti.) Namba zinazorudi ni milisekunde. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350 kwa barabara, kwa hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 4 hivi. Ongeza uzito wa mitambo ya njiani, na mnara wa simu huongeza zaidi. Lakini ukiona 150 au 200 kila ukijaribu, kuna uwezekano mkubwa tovuti hiyo haiishi Kenya, hata kama imejaa picha za ngege wa Dunga.

Hiyo haiumi sana, mpaka kebo ikatike. Mnamo Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikaanza kutambaa. Sasa chukua kliniki ya pale Ahero ambayo rekodi zote za wagonjwa ziko kwenye seva ng'ambo. Mama amefika na mtoto mwenye homa, daktari anangoja ukurasa ufunguke, na meli ya kurekebisha kebo bado iko safarini.

Ukiitwa kuwapangia mitambo, usianze na bei ya bando. Uliza rekodi zinakaa wapi. Kompyuta moja ya kawaida ndani ya kliniki inaweza kushika rekodi zote, kisha itume nakala nje mtandao ukiwa sawa. Jaribu kurudisha hizo nakala kabla hujalipwa. Na stima ya huku unaijua, kwa hivyo bajeti iwe na betri.