Kisoro: Mji wa volkeno unaotegemea siku za soko na mipaka miwili

Kila Jumatatu na Alhamisi, mji wa Kisoro ulioko kusini magharibi mwa Uganda hubadilika sura. Wakulima huteremka kutoka vilimani na magunia ya viazi mviringo, maharage na mtama, na wauzaji wa mitumba hutandaza nguo zao. Lugha zinazosikika sokoni ni Kifumbira, Kinyarwanda, Kikiga na Kiswahili. Siku nyingine za juma mji hurejea katika utulivu wake, chini ya milima ya volkeno ambayo imeufanya kuwa miongoni mwa miji yenye mandhari nzuri zaidi nchini.

Wakazi wengi wa Kampala huijua Kisoro kwa picha za gorila wa milimani na Ziwa Mutanda. Hata hivyo, anayefikiria kwenda huko kutembea, kufanya kazi au kuhamia anapaswa kuelewa jambo ambalo picha hizo hazionyeshi: uzuri wa Kisoro huwalisha wachache, ilhali soko na mipaka ndivyo vinavyowalisha wengi.

Mji ulio karibu na nchi mbili

Kisoro iko zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala kwa barabara inayopitia Masaka, Mbarara na Kabale. Kutoka mjini hadi kituo cha mpakani cha Cyanika, upande wa Rwanda, hakuna kilomita 15; ni hivyo hivyo hadi Bunagana, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpaka wa nchi hizo tatu hukutana katika kilele cha mlima Sabinyo. Jirani yake ni Gahinga wenye mita 3,474, na Muhabura unaofikia mita 4,127.

Mipaka hiyo iliafikiwa mwaka 1910 na Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji, bila kuwauliza wenyeji. Familia za Wafumbira zilijikuta na mashamba, wakwe na makaburi ya wazee wao katika nchi tofauti. Kwa sababu hiyo, kuvuka mpaka kwenda kuuza viazi au kuhudhuria msiba ni sehemu ya maisha ya kawaida.

Mpaka unapofungwa

Mwishoni mwa Februari 2019, mvutano wa kisiasa kati ya Kampala na Kigali ulisababisha Rwanda kuifunga mipaka yake na Uganda. Kituo cha Cyanika kilifunguliwa tena Machi 2022, miaka mitatu baadaye. Katika kipindi hicho wafanyabiashara wa Kisoro waliwapoteza wateja wa upande mmoja, na waliothubutu kupita njia za panya walihatarisha mali na maisha yao.

Nafuu hiyo haikudumu. Tarehe 8 Aprili 2022, Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wengi walitarajia biashara ya Bunagana ipanuke. Tarehe 13 Juni mwaka huo huo, waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana upande wa Kongo. Maelfu ya watu walikimbilia Uganda, na wengi wao walipokelewa katika kituo cha muda cha Nyakabande, karibu na mji wa Kisoro. Julai 2025, Uganda ilivifungua tena vituo vya Bunagana na Ishasha, huku upande wa pili ukiwa bado mikononi mwa waasi.

Kwa hiyo mtu wa Kisoro husikiliza taarifa ya habari kwa sababu ambazo mkazi wa Kampala huenda asizifikirie. Habari ya mapigano ya Rutshuru inaweza kumweleza kama magunia yake yatauzwa Alhamisi au yatamwozea mikononi.

Utalii una nafasi gani?

Wilaya ya Kisoro ina Hifadhi ya Taifa ya Gorila ya Mgahinga pamoja na sehemu ya kusini ya Msitu wa Bwindi, yenye vituo vya Rushaga na Nkuringo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2024, mgeni asiyeishi Uganda hulipa dola 800 kuwaona gorila, na raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja tu.

Utaratibu huo huwalinda wanyama, lakini pia huweka kikomo cha wageni. Sheria inataka asilimia 20 ya ada za kiingilio cha hifadhi zirudi kwa jamii zinazoizunguka. Vijana kadhaa hupata kazi za kuongoza wageni, kubeba mizigo na kuhudumu hotelini. Walioumia zaidi ni Wabatwa, walioondolewa msituni hifadhi hizo zilipotangazwa mwaka 1991. Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki.

Kiswahili kina thamani ya fedha

Mjini Kampala, wazungumzaji wa Kiswahili bado hukutana na dhana ya zamani kwamba hiyo ni lugha ya wanajeshi na ya kutisha watu. Kisoro inatoa picha nyingine. Mchuuzi anayetoka Goma au Rutshuru hupatana bei kwa Kiswahili, na asiyekijua humtegemea dalali, ambaye naye hudai chake. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kulifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima shuleni una maana ya moja kwa moja katika mji kama huu.

Anayetaka kwenda azingatie nini?

Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, hivyo usiku ni wa baridi. Milimani kuelekea Kabale ukungu huweza kuifunika barabara, hasa misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Tangu 2014, raia wa Uganda, Rwanda na Kenya wanaweza kuvuka mipaka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa mpakani na kuepuka ushuru wa forodha.

Anayehamia kwa kilimo ajue kwamba ardhi ina rutuba lakini vishamba ni vidogo mno, vimegawanywa kizazi baada ya kizazi na kujaa mawe ya volkeno. Udongo huo huyanywa maji haraka, ndiyo maana baadhi ya vijiji vilivyo chini ya Muhabura huteka maji mbali ijapokuwa mvua hunyesha vya kutosha. Anayehamia kwa biashara ni vyema aishi hapo kwa majuma kadhaa ya soko kabla ya kukodi duka, na aulize mapema hali ya Cyanika na Bunagana.