Je, Wajua? Waprotestanti wa Ulaya Waliozikwa Namirembe

Je, wajua kuwa Alexander Mackay alizikwa mara mbili? Fundi huyu Mskoti alifika Buganda mwaka 1878. Malaria ikamuua Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, Tanzania ya leo. Mwaka 1927 mabaki yake yaliletwa Kampala, yakazikwa kwenye kilima cha Namirembe. Hakuoa. Aliyeandika kitabu cha maisha yake ni dada yake, kwa hiyo anayesaka nasaba ya Mackay na aanzie kwa dada huyo.

Je, wajua kuwa Namirembe imo pia mifupa ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885? Mkewe na watoto walikuwa wamebaki Uingereza. Miaka ikapita, mwanawe Joseph naye akaja Busoga kuwa mmisionari, akambatiza mtoto wa Luba, chifu yule yule ambaye askofu aliuawa katika himaya yake. Mtoto wa aliyeuawa, mtoto wa chifu, na maji ya ubatizo kati yao. Kila nikiisoma habari hii huweka kitabu chini kwanza.

Je, wajua kwa nini Kampala haikupata koo nyingi za walowezi? Mwaka 1908 familia za Makaburu zilishuka Mombasa na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, zikaenda kulima eneo la Eldoret. Makaburu wengi wana damu ya Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa na kufika Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1688. Koo za Joubert, Du Toit na De Villiers zimetoka huko. Buganda mambo yalikuwa mengine. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi kwa Kabaka, machifu, misheni na serikali, si kwa walowezi. Mzungu Mprotestanti wa Mengo kwa kawaida alitumwa na shirika la kimisionari la CMS, na hapo ndipo bahati ya mtafiti ilipo: barua walizoandika makao makuu zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Je, wajua kuwa wanawake ndio wanaopotea upesi kwenye kumbukumbu? Muuguzi Katharine Timpson alitembea kwa miguu kutoka pwani, akafika Mengo Februari 1897 katika msafara mmoja na Daktari Albert Cook. Walioana mwaka 1900. Ukimtafuta kwa jina la Cook kwenye orodha ya msafara ule, humwoni. Ukimtafuta kwa jina la Timpson katika habari za shule ya wakunga aliyoianzisha, humwoni pia. Shika majina yote mawili. Nduguye Albert, John, pia alikuja kutibu katika hospitali ya Mengo, kwa hiyo "Dr Cook" kwenye karatasi ya zamani anaweza kuwa yeyote kati yao.

Na hili ndilo huwapoteza wengi: jina la Kizungu si damu ya Kizungu. Henry Wright Duta, mmoja wa waliosaidia kuitafsiri Biblia kwa Kiganda, alikuwa Muganda. Henry Wright lilikuwa jina la katibu wa CMS kule London. Duta alilipokea kwenye ubatizo. Kwa hiyo ukikuta jina la namna hiyo kwenye daftari la parokia, usikimbilie kuchora mti wa ukoo. Tazama kwanza jina la baba na la kijiji.

Nyaraka za Kanisa la Uganda zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Kikristo, Mukono. Mafaili ya kale ya wagonjwa wa hospitali ya Mengo yako Maktaba ya Albert Cook, Makerere. Kwa wewe uliye Kampala, safari ni ya taksi tu. Ukipanda Namirembe, chukua kalamu: nakili jina, mwaka na kila herufi kama ilivyochongwa, maana mvua ya Kampala inayala mawe ya makaburi yale kila msimu.