Tanzia na Kukatika kwa Mawasiliano: Juu ya Sahihisho Moja katika Kitabu cha Marejeo cha Lugha ya Erlang

Kitabu cha marejeo, kiwe cha lugha isemwayo na watu au cha lugha iandikwayo kwa ajili ya mashine, hakisomwi kama hadithi. Msomaji hukifungua mahali pamoja, hutafuta sentensi moja, huiamini, kisha hukifunga. Kwa sababu hiyo kosa la kitabu cha namna hii huwa zito: halirekebishwi na ukurasa ufuatao, maana ukurasa ufuatao hausomwi. Makala haya yaeleza upungufu mdogo wa maneno uliokuwamo katika maelezo ya lugha ya Erlang, jinsi ulivyosahihishwa, na mambo ambayo sahihisho hilo lawafundisha wataalamu wa Kiswahili. Mifano imechukuliwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako Kiswahili na Kinyambo hukaa nyumba moja, na ambako tofauti za nyakati katika kitenzi zaonekana wazi kuliko mahali pengi.

1. Lugha yenyewe

Erlang ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ilianza mwaka 1986 katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson, nchini Sweden, kwa kazi ya Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Jina lake lamkumbusha msomaji A. K. Erlang (1878–1929), mwanahisabati wa Denmark aliyechunguza kwa hesabu msongamano wa simu zinazopigwa. Mwaka 1998 kampuni iliitoa lugha hiyo kwa umma itumike bure. Wasiopata kulisikia jina lake huitumia bila kujua: mitambo ya WhatsApp imejengwa juu yake, na ujumbe utokao Kayanga kwenda Bukoba hupita humo.

Programu ya Erlang hugawanywa katika michakato. Mchakato ni kazi moja ndogo iendayo peke yake, yenye kumbukumbu yake, isiyogusa kumbukumbu ya jirani yake. Kompyuta moja yaweza kuendesha maelfu mengi ya michakato kwa wakati mmoja. Mahali michakato inapoishi paitwe hapa kituo, na vituo viwili vyaweza kuwa katika kompyuta mbili zilizo mbali. Michakato huarifiana kwa kupelekeana ujumbe, wala haina njia nyingine. Waanzilishi walishika kanuni moja: mchakato ukipatwa na hitilafu, uachwe ufe, mradi uwepo mwingine utakaopata habari na kuchukua hatua. Armstrong aliieleza kanuni hiyo kwa urefu katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2003, iliyotolewa Stockholm.

2. Maana ya kufuatilia

Njia mojawapo ya kupata habari hizo ni kufuatilia. Mchakato wa kwanza huomba kuarifiwa habari za mchakato wa pili. Wa pili unapokwisha, wa kwanza huletewa ujumbe mmoja unaoanza na neno DOWN, wenye alama ya ombi lililofanywa na sababu ya kwisha. Ujumbe huo huja mara moja tu, na baada yake ufuatiliaji huondoka. Jambo hili ni la upande mmoja: anayefuatilia hujua habari za anayefuatiliwa, lakini anayefuatiliwa hapati habari za mwenzake. Tena, ombi likifanywa mara mbili, huwa maombi mawili yanayojitegemea, na habari italetwa mara mbili.

Hapa mfasiri wa Kiswahili hukutana na shida ya kwanza. Neno "kufuatilia" limekwisha kuenea maofisini, lakini lina harufu ya kwenda nyuma ya mtu hatua kwa hatua, au kupita kila mara kumtazama. Mchakato wa Erlang haufanyi hivyo. Umetega sikio tu, wala haufanyi kazi nyingine yoyote juu ya mwenzake mpaka habari ifike. Wala "kusimamia" halifai, kwa sababu lugha hiyo inao pia wasimamizi, ambao kazi yao ni kuanzisha upya michakato iliyokufa. Na anayearifiwa habari ya kifo si lazima awe mwenye wajibu wa kumrithi marehemu. "Kufuatilia" laweza kubaki kwa ajili ya kuzoeleka kwake, mradi kitabu kilifafanue mahali linapotokea mara ya kwanza.

Kuhusu ujumbe wenyewe, Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo ni tanzia. Tanzia ni habari ya kifo inayotangazwa kwa wahusika; hutolewa mara moja, hutaja aliyefariki, na mara nyingi hutaja sababu. Neno lafaa sana. Lakini kwa kuwa lafaa sana, laweza pia kuponza, kama sehemu ifuatayo itakavyoonyesha.

3. Upungufu na sahihisho

Ujumbe wa DOWN huletwa kwa sababu mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza ni kwamba mchakato uliofuatiliwa umekwisha. Hapo ujumbe hutaja kilichoumaliza. Ya pili huandikwa kwa neno noproc, na ya tatu kwa neno noconnection. Katika matoleo ya zamani ya maelezo, maneno haya mawili yalifafanuliwa kwa ufupi mno: la kwanza kuwa ni mchakato usiokuwapo, la pili kuwa hakuna mawasiliano na kituo. Maelezo ya siku hizi yameongeza mambo mawili. Kwanza yasema kwamba mchakato haukuwapo wakati ufuatiliaji ulipoanzishwa. Pili yasema waziwazi kwamba mawasiliano yakipotea, haijulikani kama mchakato ungali upo.

Nyongeza ya kwanza ni ya wakati. "Usiokuwapo" ni maelezo yasiyo na saa. Msomaji aliyesoma maneno ya zamani aliweza kudhani kwamba noproc maana yake ni mchakato ambao haukupata kuwapo kamwe, kwa mfano kwa sababu anwani yake ilikosewa. Kumbe neno hilo laenea mambo mawili: mchakato ambao haukupata kuwapo, na mchakato uliokuwapo, ukafanya kazi yake, ukafa kabla ya ombi kuufikia. Jambo hili la pili si la nadra. Ombi la kufuatilia ni ishara inayosafiri, nayo huchukua muda kufika. Mchakato ulio hai ombi linapotolewa waweza kuwa umekufa ombi linapofika. Hapo mwombaji huambiwa noproc, na sababu halisi ya kifo haijui tena.

Nyongeza ya pili ni ya ujuzi, yaani nani ajua nini. Vituo viwili vilivyounganishwa hupelekeana ishara fupi za uhai. Kituo kisiposikika, mwenzake hukihesabu kuwa kimepotea. Kwa kipimo cha kawaida muda huo ni kama sekunde 60, yaani kati ya sekunde 45 na 75, kama mwenye programu hakukibadili. Kipimo hicho hupima ukimya tu. Kituo cha upande wa pili chaweza kuwa kimeungua, au kimezimwa, au ki kizima kabisa na kinaendelea na kazi, ila waya au mnara ndio ulioharibika.

4. Gharama ya kuchanganya

Chukua mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kinachopokea kahawa huko Murongo, wilayani Kyerwa, na kuweka hesabu zake Kayanga, wilayani Karagwe. Mchakato wa Murongo hupokea uzito kutoka kwenye mizani na kuuandika. Mchakato wa Kayanga huufuatilia. Mtandao ukatike kwa dakika mbili. Kayanga huletewa ujumbe wa DOWN wenye neno noconnection. Kama mwandishi wa programu aliamini kwamba kila DOWN ni tanzia, ataiagiza programu yake ianzishe mchakato mwingine wa kushika kazi ya marehemu na kurudia kuandika mizigo ambayo haikuthibitishwa. Lakini marehemu si marehemu. Mawasiliano yarudipo, ipo michakato miwili inayoandika, na mzigo mmoja wa kahawa umeingia daftarini mara mbili. Mkulima mmoja atalipwa zaidi na chama kitapungukiwa. Au karani ataona hesabu hailingani na kumshuku mkulima asiye na kosa.

Kosa hili halikuanzia kwenye mizani wala kwa karani. Lilianzia katika sentensi iliyoacha kusema neno moja la lazima.

Watu wa mahali hapo hawakosei hivyo katika mazungumzo yao. Mtu wa Murongo anayezungumza kwa simu na ndugu yake wa Kikagati, ng'ambo ya Mto Kagera katika nchi ya Uganda, simu ikikatika, hasemi kwamba ndugu yake amefariki, wala haanzi kugawa urithi. Husema simu imekatika, na hungoja. Lugha ya kila siku hutenganisha "amefariki" na "hapatikani". Kitabu cha marejeo chapaswa kutenganisha vivyo hivyo, na mwandishi wa programu aandike njia mbili mbali mbali kwa ajili ya habari hizo mbili.

5. Kiswahili, Kinyambo na wakati

Swali linalowahusu wanaisimu ni hili: Kiswahili kina vyombo gani vya kubeba tofauti hizo bila kurefusha sentensi kupita kiasi?

Chombo cha kwanza ni viambishi vya mahali, -po na -ko. Kwa desturi -po huelekeza mahali panapojulikana, na -ko mahali pasipo dhahiri. Kwa hiyo noproc yaweza kufasiriwa "haukuwapo ombi lilipofika", maana mahali palitazamwa na pakaonekana patupu. Lakini noconnection yataka "haijulikani kama ungaliko", maana huko hakukutazamwa. Badiliko la silabi moja lasaidia kueleza nani ameona na nani hakuona.

Chombo cha pili ni nyakati. "Haupo", "haukuwapo" na "haujapata kuwapo" ni madai matatu. La kwanza lahusu sasa, la pili lahusu saa fulani iliyopita, la tatu lakana historia yote ya mchakato. Maelezo ya zamani yalikaribia la kwanza, wasomaji wengine waliweza kuelewa la tatu, na ukweli ulikuwa la pili. Lakini -ku- ya "haukuwapo" haitaji saa yenyewe. Ndiyo maana kishazi "ombi lilipofika" hakiwezi kuachwa.

Hapa Kinyambo chatoa funzo. Katika mpangilio wa Guthrie lugha hii ni E21. Ni ndugu ya Kihaya na Kinyankole, katika kundi ambalo Henry Muzale, katika tasnifu yake ya mwaka 1998, alilichunguza kwa jina la Rutara. Nayo sarufi ya Kinyambo ilichapishwa na Josephat Rugemalira mwaka 2005. Lugha za kundi hilo hutenga wakati uliopita katika ngazi: wa leo, wa jana, na wa zamani. Kiishio -ire hutumika kwa yaliyopita karibu, na kiambishi -ka- kwa yaliyopita zamani. Msemaji hana ruhusa ya kusema "alikufa" bila kuonyesha umbali wa kifo hicho. Sarufi yenyewe humlazimisha kutoa saa. Kile ambacho waandishi wa Erlang walikiongeza kwa kishazi kizima, Kinyambo hukidai ndani ya kitenzi.

Ipo na hatari ndogo. Kiambishi -ka- ki katika lugha zote mbili, na kazi zake si moja. "Akafa" ya Kiswahili ni "kisha akafa", yaani jambo lililofuata jingine, hata kama lilitukia sasa hivi. "Akafa" ya Kinyambo, yenye herufi zile zile, ni kifo cha zamani, ambacho si cha leo wala cha jana. Mtoto wa Karagwe aliyesoma shule hazichanganyi katika hadithi. Lakini maelezo ya mashine hayana visa vya kumsaidia msomaji, na mfululizo kama "mchakato ukaombwa, ukafa, tanzia ikaletwa" waficha jambo lile lile linalotafutwa: kifo kilitangulia ombi au kilifuata? Afadhali mwandishi atumie "kabla ya" na "baada ya", kiambishi hu- kwa kanuni ya daima, na -ki- au -po- kwa sharti na wakati.

6. Namna ya kuandika

Kwa kuzingatia hayo, maelezo ya Kiswahili yaweza kuwekwa hivi: Mchakato unaofuatilia huletewa ujumbe wa DOWN mara moja, kwa sababu mojawapo kati ya tatu. Ikiwa mchakato unaofuatiliwa umekwisha, ujumbe hutaja sababu ya kwisha kwake. Ikiwa haukuwapo ombi lilipofika, ujumbe hutaja noproc, nayo haionyeshi kama ulikufa kabla au haukupata kuwapo. Ikiwa mawasiliano na kituo chake yamepotea, ujumbe hutaja noconnection, na haijulikani kama mchakato ungaliko.

Neno tanzia, kwa maelezo haya, lawekwa kwa sababu ya kwanza peke yake. Sababu ya pili ni taarifa ya kutoonekana, na ya tatu ni taarifa ya kukatika. Mwaka 2004, programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa Kiswahili kwa kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilidhihirika kwamba istilahi za kompyuta zaweza kupatikana. Kazi iliyobaki kwa vitabu vya marejeo yahitaji zaidi ya istilahi. Orodha ya maneno humpa mfasiri jina la kitu. Saa ya tukio, na mpaka wa kile kinachojulikana, havimo katika orodha yoyote. Hivyo hukaa katika viambishi na vishazi, navyo ni kazi ya mwanasarufi kuvipima kabla kitabu hakijapigwa chapa.