Vilango vya kalsiamu katika misuli ya mtoto

Mtoto akirusha teke tumboni mwa mamake, misuli yake midogo inatumia madini ya kalsiamu kwa namna ambayo misuli ya mama ilikwisha kuiacha zamani.

Ukuta wa kila chembe ya msuli una vilango vinavyohisi umeme wa amri iliyoletwa na mshipa wa fahamu. Kwa mtu mzima, kilango hiki hakipitishi kalsiamu nyingi. Kazi yake hasa ni kuvuta kizibo cha ghala lililomo ndani ya chembe. Kalsiamu iliyowekwa humo humwagika, msuli ukajikunja. Ndiyo sababu msuli wa mguu waweza kukaza kwa muda hata pasipo kalsiamu ya nje. Moyo hauwezi.

Vilango vya mtoto aliye tumboni vimeundwa tofauti kidogo, na hupitisha kalsiamu nyingi kutoka nje. Baadaye aina hiyo hupungua, na ni heri ipungue: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, panya waliofanywa wabaki na vilango vya kitoto hadi ukubwani walikuwa na misuli dhaifu.

Katika ugonjwa wa kurithi uitwao distrofia ya mayotonia, vilango hivyo vya kitoto huonekana tena. Mgonjwa hushika kitu akashindwa kukiachia upesi. Mwenye dalili hiyo, hasa ikiwa mzazi wake anayo pia, asiseme ni baridi yabisi tu, amwone daktari. Na akitakiwa kupasuliwa, amwarifu mapema mtoa dawa ya usingizi, kwani dawa hizo zaweza kumtatiza kupumua.