Kamera ya Kuvuta Mbali: Kubadilisha au Kubaki Nayo?

Mwenye Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015, ambayo lenzi yake huvuta mara 83, hushawishika kwa urahisi na P1000 ya mwaka 2018 inayovuta mara 125, ingawa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, ni kidogo vilevile katika kamera zote mbili, chenye megapikseli 16. Lenzi mpya ikivutwa hadi mwisho, tundu la kupitishia mwanga hubana hadi f/8, hivyo ndege aliyetua kivulini jioni hutoka na chenga. Tena kamera yenyewe ina uzito wa takriban kilo 1.4, mzigo unaochosha mikono. Mpiga picha za mwezi atafaidika kweli. Wa ndege wa msituni afadhali anunue stendi imara ya miguu mitatu.